Mwaloni unaofika kifuani

Swali: "Naishi El Cajon, nje kidogo ya San Diego, California. Mlima ulio nyuma ya nyumba yetu umejaa vichaka vya majani magumu yenye vimiiba. Juzi mwanangu aliniletea kokwa lililovaa kikofia, akasema mwalimu wao amewaambia ni tunda la mwaloni. Mialoni ninayoijua mimi ni ile ya Mamre alipopiga hema Ibrahimu, na ule uliomnasa Absalomu kichwa. Hivi vichaka vinanifika kifuani! Ni mwaloni kweli, au mwalimu amekosea? Kama ni mwaloni, mbona umedumaa, na unaota wapi kwingine? Mume wangu anataka tung'oe vilivyo karibu na ua kwa kuogopa moto. Tena nilitaka kumpelekea mama mbegu chache Njombe apande. Inafaa?"

Jibu:

Dada yangu, mwalimu wa mwanao yuko sahihi. Ule ni mwaloni, na ni mwaloni kamili. Haukudumaa, hauumwi, wala si mche unaosubiri kukua. Kimo ulichokiona ndicho kimo chake. Ukikaa miaka hamsini mingine bila kuungua utanenepa, na pengine utakupita kichwa, lakini hautakuwa mti wa kupigia hema chini yake.

Mwaloni hautambuliwi kwa urefu, unatambuliwa kwa tunda. Litazame tena lile kokwa aliloleta mtoto: ni mbegu moja yenye ganda laini na ncha, imekaa ndani ya kikombe kilichoezekwa kwa magamba madogo kama vigae. Katika milima ya kwenu hakuna mmea mwingine wa porini unaozaa tunda la namna hiyo. Duniani kuna spishi za mwaloni zaidi ya 400, Mexico ikiongoza kwa wingi, na kati ya hizo ziko nyingi ambazo maisha yao yote ni vichaka. Sisi tumezoea ule mkubwa kwa sababu ndio uliosimuliwa zaidi.

Kichaka cha nyuma ya nyumba yako, kwa jinsi ulivyokieleza na kwa mahali ulipo, karibu hakika ni ule ambao wataalamu huuita Quercus berberidifolia (Quercus ni jina la kisayansi la mialoni yote). Ndio unaotawala milima ya ndani ya San Diego. Kwa kawaida una urefu wa mita 1 hadi 3, majani hayaanguki yote kwa msimu mmoja, na kila jani ni dogo kama ukucha wa dole gumba au kubwa kidogo, gumu kama ngozi iliyokauka. Geuza jani utazame upande wa chini kwa kioo cha kukuzia. Utaona vinyweleo vyenye umbo la nyota vimelala juu ya ngozi yake. Jihadhari na mtego mmoja. Mwaloni mkubwa wa huko, Quercus agrifolia, ukiwa mchanga au ukichipua baada ya kuungua nao huonekana kichaka. Jani lake limejikunja kingo kuelekea chini kama mtumbwi uliopinduliwa, na kwa chini lina vishungi vya nywele kwenye pembe za mishipa. Ukiona hivyo, basi huo ni mti mkubwa ambao bado haujamaliza kukua.

Ukishuka kutoka El Cajon kwenda baharini utakutana na ndugu yake, Quercus dumosa, na huyu habari yake inanigusa kila ninapoisimulia. Mtaalamu wa mimea Thomas Nuttall aliuchukua Santa Barbara mwaka 1836, jina likachapishwa mwaka 1842. Baadaye watu wakalitumia jina hilohilo kwa karibu kila mwaloni wa kichaka wa California, wa pwani na wa milimani. Kwa miaka zaidi ya mia, yeyote aliyefungua daftari la mimea aliona jina limeandikwa kila mahali, akaamini mmea wenyewe uko kila mahali. Ni katika miaka ya 1990 wataalamu walipoitenganisha vizuri ndipo ikaonekana kwamba dumosa halisi umebaki kwenye vipande vya ardhi karibu na bahari, kwenye udongo wa mchanga, palepale ambapo kiwanja kina bei kuliko kitu kingine chochote. Leo umo kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka. Mmea ulikuwa unapungua huku jina lake likizidi kuenea. Upande wa pili wa milima, ukielekea jangwani, yuko ndugu mwingine mwenye majani meupe kwa chini, Quercus cornelius-mulleri, aliyepewa jina mwaka 1981 tu. Ndani ya kaunti moja unayoishi, hao ni watatu, na sijawataja machotara wao.

Sasa kwa nini ni mfupi. Usiuangalie kuanzia ardhini kwenda juu, anza ardhini kwenda chini. Pale shina linapoingia udongoni kuna kisiki kinene, mara nyingi kikubwa kuliko shina lolote unaloliona, na chini ya kisiki hicho kuna mizizi inayotafuta maji kwenye nyufa za mwamba. Huko kwenu mvua inanyesha kati ya Novemba na Aprili, kisha kiangazi kinakuja chote kikavu, na mwisho wa kiangazi unakuja upepo wa jangwani na moto. Mmea unaoweka mali yake yote kwenye shina refu unaipoteza kwa siku moja. Huu umeweka akiba chini. Oktoba 2003 moto ulioitwa Cedar uliteketeza zaidi ya hekta 110,000 katika kaunti ya San Diego na kuua watu 15. Vichaka vya mwaloni viliungua hadi majivu, na visiki vyake vikatoa machipukizi mapya. Shina unaloliona nyuma ya ua linaweza kuwa na miaka ishirini tu, huku kisiki chake kimeshapita mioto ambayo hakuna aliyeiandika.

Lakini usiondoke hapo ukidhani mwaloni huu unapenda moto. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kisiki kinastahimili, ila mbegu haistahimili. Tunda la mwaloni halilali udongoni miaka likisubiri kama mbegu za mimea mingine ya mlima huo. Linaota msimu uleule au linakufa. Miche yake utaikuta kwenye vichaka vizee, chini ya kivuli, juu ya majani yaliyooza, mahali palipokaa miongo mingi bila kuungua. Kwa hiyo mlima ukiungua kila baada ya miaka michache, wazee wanaendelea kuchipua kwa muda huku watoto hawazaliwi. Kisha siku moja kisiki kinachoka, na nyasi za kigeni zinachukua nafasi, nazo zinawaka upesi zaidi.

Na jina la uoto wenyewe linatokana na mmea huu. Wahispania waliita mwaloni mfupi chaparro, na mahali ulipojaa wakapaita chaparral. Vazi la ngozi linalovaliwa na wachunga ng'ombe juu ya suruali, chaps, limepata jina humohumo, kwa sababu lilikinga miguu ya mpanda farasi isichanwe na vichaka hivi. Kwa hiyo mtu akikwambia mlima wako umefunikwa na chaparali, anasema, hata kama hajui, kwamba umefunikwa na mialoni mifupi.

Kabla ya kuhama California, nikupe safari moja ya kufikiria, kama saa mbili kwa gari kwenda kaskazini. Kwenye vilima vya Jurupa, karibu na Riverside, kuna kichaka cha Quercus palmeri chenye urefu wa mita 25 kwa upana wa mita 8 hivi, na kimo chake ni mita moja tu. Kinaonekana vichaka vingi vilivyosongamana kati ya mawe. Watafiti walipopima vinasaba walikuta mashina yote ni mmea mmoja. Hauzai mbegu zenye uhai. Unaungua, unachipua, unasogea kidogo pembeni. Walihesabu jinsi unavyonenepa kwa mwaka na kugawa, na mwaka 2009 wakachapisha makadirio yao: angalau miaka 13,000. Maana yake ulichipua wakati barafu ya zama zile bado imefunika sehemu kubwa ya kaskazini mwa bara, hali ya hewa ya kusini mwa California ikiwa ya baridi na maji zaidi. Ndugu zake wengine wamepanda milimani kufuata ubaridi, huu ukabaki. Nikisikia mtu anasema "ni kichaka tu", namkumbuka huyu.

Umeuliza inaota wapi kwingine. Nitakupeleka mahali pawili polepole na kwingine haraka.

Magharibi mwa Texas, mashariki mwa New Mexico na kipande cha Oklahoma kuna nchi ya matuta ya mchanga, na juu ya mchanga huo kuna msitu unaofika magotini. Ni Quercus havardii. Mara nyingi hauvuki mita moja, lakini chini ya mchanga mashina yake yanatambaa na kusukana kama ukindu wa mkeka, na mmea mmoja unaweza kutawala eneo kubwa kuliko uwanja wa nyumba. Sehemu kubwa ya mti iko gizani. Vijiti vya juu vinakufa na kubadilishwa, vya chini vinaishi mamia ya miaka, na ndivyo vinavyozuia matuta yasitembee. Wafugaji wameupiga vita muda mrefu, na wana sababu: machipukizi ya majira ya kuchipua yana tanini nyingi, dutu chungu inayodhuru mifugo, na ng'ombe akiyala kwa wiki hizo anaweza kufa. Lakini palipopigwa dawa ya kuua mwaloni, mchanga umefunguka, na viumbe walioutegemea wamebaki bila makazi. Mjusi mmoja mdogo anayeishi kwenye mabonde ya matuta hayo, chini ya mialoni hiyo, aliwekwa kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya wanyama walio hatarini mwaka 2024.

Florida nako ni mchanga, ila ni mchanga mweupe wa kale. Katikati ya rasi hiyo kuna mgongo wa ardhi uitwao Lake Wales Ridge. Zamani bahari ilipokuwa juu zaidi, vilele vyake vilikuwa visiwa. Juu yake kuna mialoni mifupi ya aina kadhaa, kama Quercus inopina na Quercus chapmanii, mingi ikiishia mita moja au mbili. Humo anaishi ndege wa buluu wa ukoo wa kunguru ambaye hapatikani kokote nje ya Florida. Kila mmoja huzika matunda ya mwaloni 6,000 hadi 8,000 kwa mwaka, moja moja, mchangani, kisha anayafukua wakati wa njaa. Asiyoyakumbuka yanaota, na hivyo ndege huyo ndiye mpanzi wa msitu wake mwenyewe. Tangu mwaka 1987 yumo kwenye ulinzi wa sheria. Na hapa mambo ni kinyume cha kwenu: tatizo lake ni moto kukosekana. Mialoni ya Florida isipoungua kila baada ya miaka 5 hadi 20 inakua mirefu, uwazi wa mchanga unafungwa, mwewe anapata pa kuvizia, na ndege anahama au anakufa. Mialoni ya kimo kilekile, moto uleule, California umekuwa mwingi mno na Florida umekuwa haba. Ndiyo sababu siwezi kukubali ushauri wa jumla kuhusu "vichaka na moto" usiotaja ni kichaka gani na wapi.

Kwingine kwa haraka: New Jersey kuna Quercus ilicifolia kwenye misitu ya misonobari iliyo kwenye udongo maskini. Kwenye milima ya Sierra Nevada kuna Quercus vacciniifolia unaolala chini ya theluji. Kaskazini mwa California, Quercus durata umeridhika na udongo wa mwamba wa serpentini unaoua mimea mingine kwa metali zake. Milima ya Yunnan, China, ina mialoni mifupi iliyo juu kuliko vijiji vya watu. Pwani ya Wakayama, Japani, Quercus phillyraeoides hukatwa na kuachwa ichipue tena, na ndiyo inayotoa mkaa mgumu unaolia kama chuma ukigonganishwa.

Ulitaja Mamre, na hapo nina jambo la kukufurahisha. Kuzunguka bahari ya Mediterania, kuanzia Ureno na Moroko hadi Palestina, kuna mwaloni uitwao Quercus coccifera. Kwenye vilima vinavyoliwa na mbuzi ni kichaka cha magotini, chenye majani ya vimiiba ambayo ungeapa umeyatoa nyuma ya ua wako. Ukilindwa, upande wa Palestina hasa, unakuwa mti. Ule mwaloni wa Hebroni ambao mahujaji waliutembelea karne nyingi wakiuita wa Ibrahimu ni wa jamii hiyohiyo. Shina lake kuu lilikufa mwaka 1996 na mabaki yakaanguka mwaka 2019, lakini kwenye mizizi lilikuwa limeshatoka chipukizi. Kwa hiyo mwaloni wa Mamre na kichaka cha magotini vinaweza kuwa mmea mmoja wenye maisha mawili, kutegemea mbuzi na shoka. (Kwa Absalomu neno la Kiebrania linabishaniwa, wapo wanaosema ulikuwa mti mwingine kabisa.) Juu ya Quercus coccifera hiyo anaishi mdudu mdogo wa mviringo ambaye majike yake yalikaushwa na kutoa rangi nyekundu ya thamani. Waarabu walimwita qirmiz, na majina ya rangi nyekundu katika lugha nyingi za Ulaya yametokana na neno hilo. Ndugu mwingine wa mashariki, Quercus infectoria, huvimba pale nyigu anapotaga kwenye vijitawi vyake, na uvimbe huo uliochanganywa na chumvi ya chuma ndio ulikuwa wino wa vitabu kwa karne nyingi.

Kusini mwa Sahara hakuna mwaloni wa asili hata mmoja. Iliyopo ilipandwa, kama ile ya Stellenbosch, Afrika Kusini. Grivilea ambayo mama yako bila shaka anayo shambani, Wazungu waliiita mwaloni wa hariri, lakini ni mti wa Australia usio na undugu nao. "Mwaloni wa Meru" wa maseremala wa Kenya ni Vitex keniensis, nao si mwaloni. Walipewa majina hayo kwa sababu ubao wao ulimkumbusha mgeni ubao wa kwao. Tukitafuta anayefanana na mwaloni mfupi kwa tabia, twende kwenye nchi ya miombo. Huko, kuanzia Katanga hadi kusini mwa Tanzania, ipo miti inayojificha chini kabisa, ikitoa vitawi vya kifundo cha mguu juu ya mchanga na kuweka shina lote ardhini, kwa sababu ileile ya moto na kiangazi. Na miombo yenyewe inashirikiana na uyoga kwenye mizizi kwa namna ileile ya mialoni. Hawana damu moja, ila wamefunzwa na shida moja.

Sasa ua wako. Sheria ya California kwa maeneo yenye hatari ya moto inataka kupunguza kinachoweza kuwaka hadi mita 30 kutoka kwenye nyumba, na mume wako ana haki ya kulichukulia jambo hilo kwa uzito. Ila kupunguza si kung'oa. Ukikata usawa wa ardhi, kisiki kitachipua vijiti vingi na vyembamba vinavyowaka upesi zaidi. Ukikichimba, mvua ya kwanza itaushusha mlima uani. Ondoeni kuni kavu zilizo ndani, kateni matawi ya chini yanayogusa nyasi, acheni nafasi kati ya kichaka na kichaka, na ng'oeni zile nyasi za kigeni zinazokauka mwezi wa tano. Hizo ndizo utambi. Kilicho karibu kabisa na ukuta kitoeni, hapo sibishi. Na msimwagilie vilivyobaki wakati wa kiangazi. Mizizi yao ikikaa kwenye joto na maji kwa pamoja inaoza.

Kuhusu Njombe, nakusihi usitume. Kwanza tunda la mwaloni likikauka linakufa, halivumilii kukaa kwenye bahasha au begi wiki kadhaa. Pili, mbegu kuingia Tanzania zinahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, na kibali hicho kina maana: ndani ya kokwa huingia funza wa fukusi asiyeonekana kwa nje, na California ina magonjwa ya mialoni ambayo hatuyataki kwenye misitu yetu. Mama mpelekee picha, na jina, na hadithi ya Jurupa.

Mbegu yenyewe mpandeni hapohapo, nje ya zile mita 30 na kwenye ardhi yenu. Mwambie mtoto aokote kumi vuli hii, azitie kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea zimeshaliwa, azitupe. Zilizozama azilaze kwa ubavu kwenye shimo la kina cha vidole viwili mvua ya kwanza ikishanyesha, chini ya kivuli cha kichaka kikubwa, na mfunike kwa kipande cha wavu wa chuma ili panya-buku na ndege wasifukue. Mtakapoona vijani vinne vitano vimetokeza, mzizi utakuwa umeshashuka mara kadhaa ya urefu huo. Mwacheni apime kwa rula kila mwezi, na mwelezeni kwamba anachopima ni kile cha juu tu.